Mtoto wa Mei Xiang Si Ushindi wa Msitu

Kila panda anapozaa katika bustani ya wanyama, habari huandikwa kwa namna ileile. Hutajwa uzito wa mtoto, ambao ni kama gramu mia moja tu, ilhali mama ana kilo mia moja hivi. Hutajwa jinsi mama alivyomnyanyua kwa mdomo akamkumbatia kifuani. Kisha huja maelezo kwamba panda ni mnyama mgumu kuzaa: jike hupata joto mara moja kwa mwaka, siku zake za kushika mimba hazizidi tatu, madume ni wavivu, na lau si madaktari na mashine, panda wangekuwa wamekwisha duniani. Habari hiyo hufika hadi kwenye redio na simu zetu. Msikilizaji wa Tanga au Bujumbura, ambaye hajawahi kumwona panda kwa macho yake, hubaki na picha moja kichwani: mnyama mzuri asiyejiweza, aliyefanyiwa hisani na binadamu hata akapata mtoto.

Picha hiyo imeenea, na ni ya uongo. Inamtwisha mama lawama ya kushindwa kunakotokana na maisha aliyopangiwa, kisha inawapa waliompangia maisha hayo sifa ya kumwokoa. Panda jike anajua kuzaa na anajua kulea. Alichonyang'anywa ni msitu, na pamoja na msitu nafasi ya kuchagua nani ampande, wapi ajifungue na lini aachane na mwanawe.

Wanaotetea maisha ya panda bustanini wana hoja zao, na haki ni zisemwe kama wanavyozisema wenyewe. Kwanza wanasema, kama tulivyoona, kwamba panda hajui kuzaa wala kulea. Wanasema pia kwamba katika miaka ya 1980 panda wa porini nchini China walihesabiwa 1,114 tu, na kwamba sensa iliyotangazwa mwaka 2015 ilipata 1,864. Wanasema mwaka uliofuata shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimshusha panda daraja moja katika orodha yake ya wanyama walio hatarini. Wanasema bustani za nje huilipa China fedha nyingi kwa ajili ya uhifadhi. Wanakumbusha kwamba zamani watoto waliozaliwa vizimbani walikufa kwa wingi, na leo walio wengi huishi. Wanaongeza kwamba mama hutibiwa, halali njaa, hupewa zawadi ya mtoto, na hufikia umri ambao wenzake wa porini hawaufikii: Jia Jia wa Ocean Park, Hong Kong, alikufa mwaka 2016 akiwa na miaka 38. Mwisho wanasema mtoto wa shule akimpenda panda, ataupenda na msitu wake.

Kila moja ya hoja hizo ina kitu cha kweli ndani yake, ndiyo maana zinastahili kujibiwa moja moja. Nitakaa zaidi kwenye ya kwanza, kwa sababu nyingine zote zimeegemea hapo.

1. Kwamba panda hajui kuzaa wala kulea

Tangu miaka ya 1980 Profesa Pan Wenshi wa Chuo Kikuu cha Peking alikaa katika milima ya Qinling, mkoa wa Shaanxi, pamoja na wanafunzi wake, wakiwafuata panda mwituni mwaka hadi mwaka. Jike waliyemfahamu kuliko wote walimwita Jiao Jiao. Alizaa, akanyonyesha, akalea, akaachana na mtoto alipokomaa, akabeba mimba nyingine. Agosti 1992 alijifungua mtoto ambaye watafiti walimpa jina Xi Wang, yaani Tumaini, na mwanafunzi wa Pan, Lü Zhi, aliweza kumsogelea mama huyo na kuandika habari za malezi yake akiwa hatua chache tu kutoka pangoni. Hakuna aliyemhimilisha Jiao Jiao. Hakuna aliyemchagulia dume.

Kutokana na kazi hiyo tulijifunza pia jambo ambalo lingepaswa kuwanyima usingizi waokoaji wengi. Mama panda mwenye njaa humwacha mtoto pangoni peke yake kwa saa nyingi, akaenda kula mianzi, kisha akarudi. Mpita njia anayemkuta mtoto peke yake hudhani ametupwa. Humchukua, humpeleka kituoni, na huitwa mwokozi. Mama hurudi akakuta pango tupu.

Linganisha namna mbili za kupata mwenza. Porini, jike anapopata joto hufuatwa na madume kadhaa, nao hugombana chini ya mti aliopanda yeye. Huzisikia sauti zao, huzijua alama za harufu walizopaka kwenye magome ya miti, na anaweza kupandwa na zaidi ya mmoja. Bustanini anawekwa ukuta kwa ukuta na dume mmoja, waliyemchagua wataalamu kwa daftari la nasaba na viongozi kwa mkataba wa nchi mbili. Wakikataana, hakuna mwingine. Na kukataana huko ndiko kunakotangazwa duniani kuwa ni ugumba wa panda.

Sisemi hili kwa kukisia. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Meghan Martin-Wintle walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya jaribio lililofanyika China: panda walipewa nafasi ya kuonyesha ni nani wanampenda kati ya majirani zao. Waliokutanishwa na waliowapenda walipandana zaidi na kuzaa zaidi kuliko waliopangiwa wasiowataka, na pale mapenzi yalipokuwa ya pande zote mbili matokeo yalikuwa bora kupita yote.

Katika bustani ya San Diego, Marekani, waliliona jambo hilo kwa macho. Bai Yun, jike aliyezaliwa Wolong, China, mwaka 1991, aliishi kwanza na dume mzee, Shi Shi, ambaye hakuwa na haja naye. Mtoto wa kwanza, Hua Mei, alipatikana mwaka 1999 kwa uhimilishaji. Mwaka 2003 akaletwa dume mwingine, Gao Gao, mzaliwa wa porini. Bai Yun akazaa naye watoto watano, wote kwa kupandana kwao wenyewe. Jike ni yuleyule, bustani ni ileile, aliyebadilika ni dume. Na kabla ya hapo, katika bustani ya Chapultepec, jijini Mexico, panda Ying Ying na Pe Pe walikuwa wanazaa tangu 1980, wakati mabingwa wa nchi tajiri walikuwa bado wanauliza kama jambo hilo linawezekana nje ya China.

Bustani ya Edinburgh, Uskoti, ilikuwa kinyume chake. Tian Tian alifika huko Desemba 2011 akiwa ameshazaa pacha nchini China, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ni tasa. Alijaribiwa mwaka baada ya mwaka, hakupata mtoto hata mmoja, na Desemba 2023 akarudishwa. Hong Kong, Ying Ying mwingine na mwenzake Le Le waliishi pamoja tangu 2007 bila kupandana, hadi Aprili 2020, milango ya Ocean Park ilipokuwa imefungwa kwa sababu ya korona na hapakuwa na kelele za wageni. Mimba haikutokea mwaka huo. Agosti 2024 alizaa pacha, akikaribia kutimiza miaka 19. Sidai kwamba ukimya peke yake ndio uliofanya kazi. Ila mnyama anayeishi kwa kusikia na kunusa katika ukungu wa milima, akiwekwa mbele ya umati kila siku, ana kila sababu ya kutotulia.

Kuhusu kulea, jibu liko Vienna. Agosti 2016 Yang Yang wa bustani ya Schönbrunn alizaa pacha, mimba ikiwa imetokana na kupandana kwa kawaida, na akawalea wote wawili bila watunzaji kuingilia. Kwa miaka mingi tuliambiwa haiwezekani. Porini, mama anayezaa pacha kwa kawaida humlea mmoja, maana maziwa hutokana na mianzi, na mianzi ina lishe duni. Hilo si ukatili wa mama wala upungufu wake. Anapima mwili wake unaweza nini.

2. Kwamba anaishi kwa raha

Hapa nataka tumtazame mama mmoja kwa jina lake. Mei Xiang alizaliwa Wolong, mkoa wa Sichuan, Julai 1998, ndani ya kituo cha uzalishaji. Desemba 2000 alisafirishwa hadi Bustani ya Taifa ya Wanyama ya Smithsonian, Washington, pamoja na dume aliyeitwa Tian Tian, si yule jike wa Edinburgh. Alikaa huko karibu miaka 23. Alizaa watoto saba, na wanne kati yao wakaishi: Tai Shan mwaka 2005, Bao Bao mwaka 2013, Bei Bei mwaka 2015 na Xiao Qi Ji mwaka 2020. Hakuna hata mmoja kati ya hao saba aliyepatikana kwa kupandana. Wote ni wa uhimilishaji, ule wanaoujua wafugaji wetu wa ng'ombe wa maziwa, isipokuwa kwamba ng'ombe huhimilishwa akiwa amesimama na macho yake, ilhali panda hulazwa kwa nusukaputi kwanza.

Mwaka wa Mei Xiang ulikwenda hivi. Masika yakikaribia, mkojo wake ulikusanywa na kupimwa homoni. Vipimo vikionyesha kilele cha joto, dume alisogezwa. Wakishindwa kuelewana, mama alipewa nusukaputi, akaingiziwa mbegu kwa mrija, akaamshwa. Majira ya joto alianza kulala sana, kula kidogo, kukusanya mianzi na kujenga kiota. Hapo kila mtu alingoja, kwa kuwa mimba ya panda ina siri kubwa: yai hukaa bila kujishikiza kwa wiki au miezi, na hata pasipo na mimba mwili hupitia mabadiliko yaleyale. Homoni hupanda na kushuka vilevile. Mama hujilaza kiotani na hukumbatia vitu kifuani kama anakumbatia mtoto. Kati ya Tai Shan na mtoto aliyefuata ilipita miaka saba ya majaribio na mimba za uongo.

Mtoto huyo aliyefuata alizaliwa tarehe 16 Septemba 2012. Alikufa akiwa na siku sita. Mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Watunzaji walijua kuna jambo kwa sababu walimsikia Mei Xiang akilia. Masika yaliyofuata alihimilishwa tena. Agosti 2013 alizaa Bao Bao, na siku ya pili yake akazaa mwingine aliyekuwa amekwisha kufa. Agosti 2015 alizaa pacha wa kiume. Watunzaji walijaribu njia iliyobuniwa China ya kubadilishana: mmoja anakaa kwa mama, mwingine ndani ya inkubeta, kisha wanabadilishwa kila baada ya saa chache, ili kila mmoja apate maziwa na joto la mama. Mei Xiang alimng'ang'ania mkubwa, hakukubali kumwachia. Mdogo alikufa siku ya nne.

Waliokuwa pale walifanya waliloweza, naliamini hilo kabisa. Lakini soma tena orodha hiyo, uniambie ni neno gani la raha limo ndani yake. Kula kushiba si raha ikiwa kila masika unalazwa, kila kiangazi mwili wako unajiandaa kwa mtoto ambaye mara nyingi hayupo, na aliyepo anaweza kuvutwa mikononi mwako na kuwekwa ndani ya sanduku la kioo. Umri mrefu si hoja pia. Kwa mama aliyefungiwa, miaka mingi humaanisha misimu mingi ya kujaribiwa. Xiao Qi Ji alizaliwa Mei Xiang akiwa na miaka 22, umri ambao panda wengi wa porini huwa wameshakufa, na alipatikana kwa mbegu zilizogandishwa. Dunia ilishangilia uzazi huo. Mimi naona mwanamke mzee wa jamii yake ambaye hakupewa ruhusa ya kupumzika.

Ndugu zetu wengi wanafanya kazi Qatar, na baadhi yao wameshapeleka watoto Al Khor kuwatazama Suhail na Soraya, panda wawili walioletwa Oktoba 2022, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia. Wanaishi ndani ya jengo linalopozwa kwa mashine, jangwani, na mianzi yao huja kwa ndege. Soraya ameshafikia umri wa kuzaa. Nawasihi wanaompiga picha wajiulize ataanzia wapi kutafuta pango.

3. Kwamba mtoto ni zawadi kwa mama

Porini mtoto wa panda hukaa na mamaye mwaka mmoja na nusu, miaka miwili, pengine zaidi. Katika vituo vya uzalishaji vya China ilikuwa kawaida kwa miaka mingi kumwachisha mtoto akiwa na miezi sita hivi, na sababu haikufichwa: mama anayenyonyesha hapati joto, na mama asiyepata joto hazalishi. Mtoto alipelekwa kulelewa na wenzake wa umri wake, na wageni wakalipia kuona kundi la watoto wakichezea ngazi za mbao. Picha tunazotumiana kwenye simu, zile za watoto wa panda kumi wamelala kwa mstari, zinatoka huko. Katika maisha ya panda hakuna kitu kama kundi la watoto kumi. Kila mtoto katika mstari ule ana mama aliyeachwa upande wa pili wa ukuta.

Washington haikufanya hivyo, na ni lazima niseme. Bao Bao alikaa na mama yake karibu muda ambao angekaa porini. Tofauti inaanzia baada ya hapo. Kwa mkataba, kila mtoto anayezaliwa nje ni mali ya China na hurudishwa kabla ya kufika umri wa kuzaa. Tai Shan aliondoka Februari 2010, Bao Bao Februari 2017, Bei Bei Novemba 2019. Novemba 2023 wakaondoka Mei Xiang mwenyewe, Tian Tian na Xiao Qi Ji. Huko China Bao Bao naye akawekwa kwenye uzalishaji, akamzaa Bao Li mwaka 2021, na Oktoba 2024 Bao Li akapandishwa ndege kwenda Washington, katika nyumba ileile aliyoishi bibi yake.

Bibi, mama na mjukuu. Mmoja alizaliwa kituoni, wa pili bustanini, wa tatu kituoni tena. Wamevuka bahari, wote watatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa mlimani usiku mmoja bila uzio. Wakati huohuo tunaambiwa kwamba ukoo huu unazalishwa kwa ajili ya milima.

4. Kwamba fedha zinakwenda msituni

Kwa kawaida bustani ya kigeni imelipa hadi dola milioni moja kwa mwaka kwa jozi moja ya panda, na malipo ya ziada mtoto anapozaliwa. Tafakari maana yake. Kuzaliwa kwa mtoto huleta wageni, huuza vinyago, hurefusha mazungumzo ya mkataba. Mama asiyezaa ni hasara kwenye vitabu. Anayeamua kama mama huyo ahimilishwe tena mwaka huu ni taasisi ileile inayofaidika akizaa.

Malumbano haya ni ya zamani. Miaka ya 1980 bustani za Marekani zilikodi panda kwa miezi michache kama sarakasi, hata shirika la uhifadhi la WWF, ambalo nembo yake ni panda, ikaenda mahakamani mwaka 1988 kupinga ukodishaji wa aina hiyo. George Schaller, mtafiti aliyekaa Wolong na kuwafahamu panda wa porini kuliko karibu Mzungu yeyote, aliulaani utaratibu huo katika kitabu chake cha 1993, The Last Panda. Ndipo mwaka 1998 serikali ya Marekani ikatunga sera kwamba panda asiingie nchini humo ila fedha zake zisaidie panda wa porini. Sera nzuri. Lakini gazeti la The New York Times, katika uchunguzi wake wa mwaka 2024, liliripoti kwamba sehemu ya fedha hizo ilitumika kwa majengo ya makazi, barabara na kompyuta, na kwamba wasimamizi wa Marekani walilijua tatizo hilo kwa miaka.

Upande wa pili, bustani zenyewe huumia. Ähtäri, mji mdogo wa Finland, ilijenga nyumba ya panda kwa zaidi ya euro milioni nane, ikawapokea Lumi na Pyry mwaka 2018, na Novemba 2024 ikawarudisha kwa sababu haikumudu gharama. Fedha hizo zilimalizikia kwenye vioo, mashine za hewa na kodi.

5. Kwamba wingi wa watoto ni wokovu wa jamii

Hii ndiyo hoja inayowanyamazisha watu wengi, kwa sababu inakuja na hesabu. Basi tuzisome hesabu. China leo ina panda zaidi ya 700 vizimbani. Waliorudishwa porini, tangu jaribio la kwanza la mwaka 2006, hawazidi sana kumi. Wa kwanza kabisa, dume Xiang Xiang, alikutwa amekufa mwaka uliofuata, baada ya kujeruhiwa na madume wenyeji. Baadaye njia iliboreshwa: huko Wolong watoto huzaliwa ndani ya maboma ya msituni, hulelewa na mama zao, na watunzaji huvaa mavazi ya panda yaliyopakwa harufu ya panda ili mtoto asizoee binadamu. Hapo mafanikio yakaonekana. Na siri ya mafanikio hayo ni ipi? Mtoto aliachwa alelewe na mama yake, msituni. Wanasayansi wa China wenyewe wamethibitisha kwamba mwalimu wa panda ni panda, ilhali mamia ya wengine wanaendelea kuzalishwa mahali ambapo somo hilo haliwezi kufundishwa.

Ongezeko la panda wa porini halikutoka vizimbani. Lilitoka kwenye sheria ya wanyamapori ya 1988, adhabu kali kwa wawindaji, marufuku ya kukata misitu ya asili iliyowekwa baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze mwaka 1998, na hifadhi zilizoongezwa hadi zikafika 67 wakati wa sensa iliyotangazwa mwaka 2015. Nyongeza nyingine ilitokana na watafiti kupanua eneo walilolihesabu. Panda walioachiwa msitu wao walizaa wenyewe, bila daktari.

Hatari iliyobaki pia haiponyeki kwa inkubeta. Sensa hiyohiyo iliwakuta panda wamegawanyika katika makundi 33 yaliyotengwa na barabara, mabwawa ya umeme na mashamba, mengine yakiwa na wanyama wachache mno kuweza kudumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika Nature Ecology & Evolution ulionyesha kwamba makazi ya panda yalikuwa yamepungua na kukatika vipandevipande kuliko yalivyokuwa mwaka 1988. Jike aliye upande mmoja wa barabara kuu na dume aliye upande wa pili hawahitaji mbegu zilizogandishwa, wanahitaji njia ya kupita. China imeanza kulielewa hilo: Oktoba 2021 ilizindua hifadhi moja ya taifa inayounganisha maeneo ya panda katika mikoa ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, takriban kilomita za mraba 22,000, kubwa kuliko Hifadhi ya Serengeti. Kazi hiyo, ya kuwalipa wakulima, kuhamisha migodi na kupanda mianzi kati ya mlima na mlima, haina mtoto wa gramu mia moja wa kuonyeshwa kwenye taarifa ya habari. Kwa hiyo haipewi nafasi.

6. Kwamba watoto wetu watajifunza kupenda msitu

Nitakuwa mfupi hapa. Mtoto aliyesimama mbele ya kioo hujifunza kilicho mbele yake: mnyama aliyekaa sakafuni, akila mianzi iliyokatwa, akipigwa picha. Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilipofungwa kwa kukosa bajeti, kamera iliyokuwa ikimwonyesha Bao Bao ilizimwa, na nchi nzima ililalamika. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya kamera, hata hivyo, na kamera iliporudi malalamiko yakaisha, milima wanamoishi panda, ya Qinling na Minshan, ikiwa haijatajwa.

Haya si mambo ya zamani tu: Bao Li hayuko Washington peke yake. Aliletwa pamoja na jike, Qing Bao, aliyezaliwa Septemba 2021, na panda jike huanza kuzaa akiwa na miaka minne hadi sita. San Diego nao walipokea jozi mpya mwaka 2024. Mikataba yao ni ya miaka kumi. Wenye kushangilia bado wana muda wa kudai masharti, na haya ndiyo ninayoyadai mimi. Jike akimkataa dume aliyeletewa, mwaka huo asilazwe wala asihimilishwe. Atafutiwe dume mwingine au aachwe. Mtoto asitenganishwe na mama kwa tarehe iliyopangwa ofisini, bali mama mwenyewe atakapomfukuza. Mama aliyefika umri ambao porini angekuwa ameacha kuzaa asiguswe tena. Hesabu za kila dola iliyolipwa zichapishwe, zikionyesha hekta ngapi za msitu zilinunuliwa, zilipandwa au ziliunganishwa. Na bustani isiyoweza kuonyesha hata mnyama mmoja wa ukoo wake aliyerudi mlimani ndani ya miaka hiyo kumi, mkataba wake usiongezwe.